Kutafiti imani ya mteja: mwongozo wa utafiti wa biashara Unguja na Pemba, hatua kwa hatua

Utafiti wangu wa mwanzo niliufanya Chake Chake, Pemba, na dodoso lenye maswali arubaini mkononi. Duka la kwanza nililoingia, mwenyewe ni mtu wa makamo, mpole. Akanivutia kiti, akaagiza kahawa, akanijibu swali baada ya swali bila haraka. Malipo ya simu ni salama? Nakubali. Malipo ya simu yana hatari? Nakubali. Utaendelea kuyatumia? Nakubali kabisa, inshallah. Nikafunga daftari roho kwatu. Nikachukua chupa ya maji kwenye friji, nikatoa simu niisome lipa namba iliyobandikwa ukutani.

"Mwanangu," akaniambia, "leo nipe taslimu tu."

Dodoso lile ninalo mpaka leo. Kwa mujibu wake, mzee yule ameipokea teknolojia, anaiamini na ataendelea nayo. Dukani kwake pesa ya simu haikupokelewa. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya pengo hilo, baina ya alichosema na alichofanya. Ni kwa mwanafunzi wa biashara anayehangaika na utafiti wake wa mwisho, na pia kwa mwenye duka, nyumba ya wageni au kikundi cha ushirika anayetaka kujua kwa nini wateja hawatumii kile alichokigharimia.

Hatua ya 1: Likate swali mpaka ulione kwa macho

"Athari za teknolojia katika uendelevu wa biashara na imani ya wateja Zanzibar." Kichwa kama hiki kila mwaka kinaletwa, na kila mwaka kinamrudisha mtu nyumbani analia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na biashara zao zinaanzia mama anayeuza urojo barazani hadi hoteli ya vyumba mia. Huwezi kuwatia wote katika dodoso moja.

Chagua biashara moja, mahali pamoja, kifaa kimoja. Kisha, na hapa ndipo wengi wanapoteleza, hakikisha ndani ya swali mna kitendo ambacho ukisimama pembeni utakiona kikitendeka. "Kukubali teknolojia" hakionekani. "Kutoa mzigo kabla meseji ya malipo haijaingia" kinaonekana. Mifano mitatu:

Kwa nini wenye maduka ya rejareja Chake Chake wanachukua lipa namba, kisha baada ya miezi michache wanarudi kwenye taslimu?

Mgeni anayelala Paje au Jambiani anatazama nini kabla hajaliamini bango la "tunatunza mazingira"?

Mteja aliyenunua sabuni ya mwani kwa WhatsApp kutoka kikundi cha kina mama, mara ya pili anarudi kwa sababu gani?

Kuanzia hapa nitakwenda zaidi na swali la kwanza. Ukiwa na lako, badilisha majina tu, njia ni ile ile.

Hatua ya 2: Chukua nadharia mbili, si sita

Msimamizi wako atataka nadharia, na ana haki. Bila nadharia unauliza kila linalokujia kichwani. Lakini sura ya pili si soko la Darajani, kwamba kila unachokiona utie kapuni.

Fred Davis, mwaka 1989, alisema mtu hukipokea kifaa kwa mambo mawili: anakiona kina faida kwake, na anakiona ni chepesi kukitumia. Nadharia hii ni kongwe, nyepesi, bado inasaidia. Mwaka 2003 Venkatesh na wenzake walikusanya nadharia nyingi za namna hiyo wakazifanya moja yenye nguzo nne: faida inayotarajiwa, wepesi, shinikizo la watu waliomzunguka mtu, na mazingira wezeshi. Mwaka 2012 wakaongeza raha, thamani ya bei na mazoea.

Mazingira wezeshi hapa kwetu si neno la kitabuni. Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme wa kutoka Bara mwaka 2008, na ikakaa tena kama miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Mwenye duka aliyepita katika kiza kile, ukimuuliza habari ya kifaa kinachotaka chaji na mtandao, hajibu kwa nadharia. Anajibu kwa jenereta aliyoinunua.

Kwa upande wa imani, nenda kwa Mayer, Davis na Schoorman, 1995. Wao wanasema tunamwamini mtu tukiona kwake mambo matatu: uwezo, nia njema na uadilifu. Mfikirie fundi cherehani wako. Mkono wake mzuri, uwezo anao. Hakutakii shari, nia njema anayo. Lakini kanzu ya sikukuu kila ukienda ni "njoo kesho". Hapo umekosekana uadilifu tu, na kanzu unaipata Idi imeshapita. Nguzo hizi usizichanganye katika swali moja, kwa sababu dawa zake ni mbalimbali.

Na mabwana hawa wa Davis wanawachanganya wanafunzi. Wa 1989 ni Fred. Wa 1995 ni James. Katika andiko la 2003 wamo wawili, Fred na Gordon. Nimesoma kazi ambayo wote wamefanywa mtu mmoja mwenye umri mrefu.

Kwa swali letu la Chake Chake iko nadharia nyengine inayofaa kuliko zote, na ukiichukua unaweza kuziacha zile za 1989 na 2003, ukabaki na hii na ile ya imani. Ni ya Bhattacherjee, 2001. Hoja yake ni kwamba kuanza kutumia kitu na kuendelea nacho ni mambo mawili tofauti. Mtu huendelea pale alichokipata kinapolingana na alichokitarajia, akaridhika. Wenye maduka wetu walikwishaanza, kwa hiyo ukiwauliza kwa nini walianza unapoteza kahawa yao bure.

Hatua ya 3: Pima maneno kabla ya kupima watu

Hapa kaa sana. Dodoso nyingi zinazozunguka visiwani zimeandikwa kwa Kiingereza kisha zikafasiriwa usiku mmoja, na kosa kubwa limo katika neno lenyewe la imani.

Ukimuuliza mtu "una imani na malipo ya simu?", sikio lake linakwenda kwenye dini kwanza. Pia imani ni huruma: "yule bibi ana imani, hakumwacha mtoto wa watu alale njaa." Mtu atakujibu ndiyo kwa adabu, na hujui kajibu lipi. "Uaminifu" nao ni sifa ya anayeaminiwa, si hali ya anayeamini. Ukiandika "uaminifu wa wateja kwa duka", msomaji mmoja atafahamu kuwa wateja si wezi, mwingine kuwa hawahami, wa tatu kuwa wanaliamini duka. Maana tatu, na takwimu moja juu yake.

Wafanyabiashara wana lugha yao, nayo ina makali zaidi. Wanasema mtu fulani "ana itibari", maana yake neno lake linachukulika na mali anapewa. Wanasema "namkopesha" au "simkopeshi". Wanasema "nina wasiwasi naye". Wanasema pesa "imekwama", "imekwenda siko", "imerudi". Maswali yako yaandike kwa maneno haya.

Fanya hivi. Kabla ya dodoso, kaa barazani na watu watano au sita wa biashara unayoitafiti, wakueleze malipo ya simu yalivyowafikisha, wewe usitaje neno imani hata mara moja. Andika vitenzi wanavyovitumia. Rudi nyumbani utunge maswali. Mtu mwingine ayafasiri kwa Kiingereza bila kuiona asili, kisha linganisha. Palipotofautiana ndipo penye kazi.

Jambo jengine, mwulize imani kwa nani. Katika muamala mmoja wa lipa namba mna wanne wa kuaminiwa: mteja aliyesimama mbele yako, kampuni ya simu, wakala utakayekwenda kutolea pesa, na mtandao wenyewe. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" nchi nzima inaujua. Anayeuogopa huo hana neno na mtandao, wasiwasi wake ni matapeli. Ukimwandika kuwa "haamini teknolojia" umemsingizia.

Mimi sasa natumia ngazi ya vitendo badala ya kuuliza hisia. Namwuliza mwenye duka, mteja akitaka kulipa kwa simu, inakuwaje:

1. Sipokei.
2. Napokea kwa ninaowajua tu.
3. Napokea kwa yeyote, lakini mzigo hautoki mpaka meseji iingie kwenye simu yangu.
4. Akinionesha meseji kwenye simu yake inatosha.
5. Achukue tu, itaingia baadaye.

Utaona ngazi ya nne na ya tano hazisemi chochote juu ya kampuni ya simu. Zinamsema mteja. Aliyeko ya tano pengine ndiye aliyekuwa akiandika madeni daftarini tangu hapo, na simu imemkuta na itibari yake. Kwa hiyo daftari la madeni nalo liulizie: anakopesha watu wangapi, na wa wapi.

Hatua ya 4: Uendelevu, amua ni upi

Neno hili linabeba mizigo miwili. Wa kwanza ni kuendelea kwa kitu chenyewe: lipa namba inatumika baada ya mwaka, au karatasi yake imepauka ukutani? Wa pili ni ule wa mazingira, jamii na mapato, ambao John Elkington aliupa umbo la hesabu ya mambo matatu katikati ya miaka ya 1990. Sema mapema katika sura ya kwanza unazungumzia upi. Ukiuchukua wa pili, usimwulize mtu kama anajali mazingira. Hakuna atakayesema hajali.

Hesabu. Nyumba ya wageni inasema inatunza mazingira? Chukua ahadi zake moja moja kutoka kwenye bango na ukurasa wake, ziandike, kisha zikague kwa macho: chupa za plastiki zilizotoka jikoni asubuhi ni ngapi, maji ya kunywa yanajazwa upya au yananunuliwa, taulo hubadilishwa kila siku au mgeni akitaka, taka zinakwenda wapi zikitoka uani. Niliwahi kufikia pahala bango lilisema hakuna plastiki, na juu ya meza chini ya bango lile pana chupa mbili ndogo za maji za kunikaribisha. Sikumlaumu mhudumu, alikuwa anafuata alivyoelekezwa. Lakini mgeni wa chumba cha pili alikuwa ameshalipiga picha, bango pamoja na chupa.

Hiyo ndiyo data. Weka safu mbili, ahadi na kilichoonekana, kisha waulize wageni ni ahadi gani wanazikumbuka. Yumkini ile uliyodhani ni kubwa, wao hawakuiona kabisa.

Hatua ya 5: Kibali, sheha, na kalenda ya hapa

Barua ya chuo itangulie, na ulizia mapema chuoni kibali cha utafiti cha Serikali kinapatikana vipi, maana kinachukua muda. Kisha nenda kwa sheha, kiongozi wa Serikali mtaani, wa shehia utakayoingia, hata kama barua yako imeshiba mihuri. Sheha akikujua, duka la tatu hawakuulizi tena wewe ni nani.

Watakalokuuliza, au watakaloliwaza bila kuuliza, ni kama wewe ni mtu wa kodi. Usianze na mapato. Usiulize "unauza shilingi ngapi kwa siku" hata kidogo ikiwa huna haja nayo. Uliza "katika wateja kumi wa jana, wangapi walilipa kwa simu?" Jibu lake lina faida zaidi kwako na halimtishi mtu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa mtafiti mdogo ifahamu hivi: usichukue jina wala namba ya simu isipokuwa pana sababu, mweleze mtu utakifanyia nini alichokuambia, na orodha ya majina iweke mbali na majibu. Picha ya lipa namba ukutani pia ni taarifa ya mtu. Mimi dodoso nazipa namba, na karatasi ya majina inabaki nyumbani kabatini.

Kalenda haisameheki. Ramadhani duka mchana limelala na usiku limechangamka. Ukipima biashara saa nne asubuhi mwezi ule umepima kivuli. Wiki ya mwisho kabla ya Idi hakuna mwenye duka wa kukusikiliza, wala usimlaumu. Pemba msimu wa karafuu ukifunguka, watu wana pesa mkononi na nusu ya uliotaka kuwahoji wako mashambani. Hoteli za pwani wakati wa masika, Machi hadi Mei, nyingine zimefunga. Na kina mama wa mwani usiwafuate siku za bamvua, maji yakitoka mbali wamo baharini na kamba zao. Subiri maji mafu, hapo utawakuta nyumbani na watazungumza na wewe kwa nafasi. Ukiwa mwanamme, fuatana na msaidizi mwanamke. Yeye ndiye aulize, wewe andika.

Kila hojaji itiwe tarehe. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilipoanza, kisha Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya watu kulalamika, majibu ya Juni na ya Agosti yasingeweza kuwekwa kapu moja. Na majina yaandike yanavyotamkwa dukani. Tigo Pesa iligeuka Mixx by Yas mwaka 2024, lakini uliza utasikia watu bado wanaiitaje.

Hatua ya 6: Orodha yako itoke miguuni

Wanafunzi wanaipenda fomula ya Yamane: idadi yote, gawa kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara mraba wa kosa. Maduka 400 kwa kosa la asilimia 5 yanakupa 200. Maduka 200 yanakupa 133. Hesabu ni sawa, ila fomula inadhani unayo orodha kamili na kwamba kila duka lina nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukiwahoji 133 waliokuwa karibu na kituo cha gari, fomula haikuokoi.

Kwa hiyo tembea. Anza Machomane, maliza Tibirinzi, na daftari. Kila duka lipe namba, andika kama lina lipa namba ukutani, kama lina friji, kama anayeuza ni mwenyewe au kijana wa kazi. Siku mbili zinatosha mji wa kadiri ya Chake Chake. Halafu chagua kwa bahati: andika namba vikaratasi, tia ndani ya mkoba, chota. Usidharau mkoba. Ukikuta limefungwa, rudi mara mbili kabla hujabadilisha, kwa sababu maduka yanayofungwa fungwa pengine ndiyo hayo hayo yaliyoacha lipa namba.

Kwa mahojiano marefu huhitaji mia. Guest, Bunce na Johnson mwaka 2006 waliyapitia mahojiano 60 ya kina mama wa Ghana na Nigeria, wakakuta mada nyingi zilikwishajitokeza katika 12 ya mwanzo. Watu wao walikuwa wa hali zinazofanana, kwa hiyo wako wakiwa makundi mawili, waliobaki na walioacha, fanya kama 12 kila upande.

Hatua ya 7: Uliza siku ilipokwama

Ningelazimika kubakisha swali moja tu katika dodoso zima, ningebakisha hili: "Nieleze mara ya mwisho muamala ulipokwama au pesa ilipokwenda siko."

Kila kitu kikienda vizuri, kila mtu anaamini. Siku mteja amelipa, meseji haikuja, foleni inakua na mtoto wa mtu amesimama na mkate mkononi, ndiyo siku mwenye duka anaamua nani wa kumwamini. Mfuatilie polepole, tukio kwa tukio. Ilikuwa saa ngapi? Mteja ni wa hapa au mgeni? Ulimpa mzigo? Ulimpigia nani? Walikuambiaje? Pesa ilirudi? Baada ya siku ngapi? Siku iliyofuata ulipokea tena? Usimkatize kwa swali la pili kabla la kwanza halijaisha, na akinyamaza, nyamaza naye. Mahojiano haya yanachukua dakika ishirini, lakini uwezo, nia njema na uadilifu vyote vimo ndani yake bila wewe kuvitaja.

Dodoso lenyewe liwe fupi, maswali kumi na tano, ishirini yakizidi. Vipimo vya "sikubali kabisa" mpaka "nakubali kabisa" vinatokana na Rensis Likert, 1932, na kwa mtu asiyevizoea vinageuka kuwa kipimo cha adabu. Mgeni kaja na karatasi, atamkatalia vipi? Njia yangu ni kunde kumi. Naziweka mezani, namwambia: "Hizi ni wateja kumi waliotaka kulipa kwa simu. Nigaie, uliowapokea huku, uliowaambia taslimu kule." Mikono ikishika kitu, ulimi unaacha kubembeleza. Kijana mmoja aligawa tano kwa tano, akazitazama, akahamisha tatu. "Hawa nilidhani nimewapokea," akasema, "lakini hapana, siku ile bando lilikwisha."

Ukilazimika kutumia vipimo vya kukubali, tia jozi moja ya sentensi zinazopingana, kama nilivyofanya mimi bila kukusudia. Anayekubali zote mbili unamjua.

Kukusanyia, KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafaa, inafanya kazi bila mtandao na unapeleka majibu ukirudi mjini. Peleka kila jioni. Simu yangu iliwahi kuteleza nikishuka chomboni, na majibu ya siku tatu yako chini ya maji hadi leo.

Kabla ya kazi yenyewe jaribu kwa watu kumi wa mji mwengine, Wete kwa mfano, ili usiuchafue uwanja wako. Swali lililoulizwa "unakusudia nini?" na watu watatu, liandike upya.

Hatua ya 8: Hesabu kidogo, tazama sana

Excel inatosha kwa kazi nyingi. Ukitaka zaidi, programu za takwimu za jamovi na JASP ni za bure na ni nyepesi kuliko SPSS ya kuazima.

Anza kwa kuondoa aibu: wangapi walikubali sentensi mbili zinazopingana? Waripoti, usiwafiche. Kisha alfa ya Cronbach, namba inayoonesha kama majibu yanakwenda pamoja, kwa maswali yanayopima kitu kimoja. Wengi wanataka ifike 0.7. Ikiwa 0.5, usikimbilie kufuta maswali mpaka ipande, pengine imani kwa mteja na imani kwa kampuni umezitia kundi moja na zenyewe zinakataa. Rudi hatua ya 3.

Halafu jedwali dogo la mbili kwa mbili. Nitatia namba za mfano tu. Tuseme maduka 60 yamewahi kukwama. Katika hayo, 36 pesa ilirudi, na 27 bado wanapokea. Waliobaki 24 haikurudi, na 8 ndio bado wanapokea. Asilimia 75 kwa 33. Hata asiyesoma takwimu analifahamu jedwali hili, na ndilo nililowahi kuliona likibadilisha kikao cha wenye maduka, si milinganyo ya kurasa nne.

Usiandike bado kwamba kurudishiwa pesa ndiko kulikowabakisha. Labda waliorudishiwa ni waliojua kupiga huduma kwa wateja na kusema wakasikilizwa. Labda wana mtaji wa kusubiri siku tano. Chukua mahojiano yako marefu uone yanasemaje, na ukiona hayatoshi kuamua, andika sababu zote mbili.

Hatua ya 9: Andika, kisha rudi

Sura za ripoti chuo chako kitakupa, sina la kuongeza isipokuwa moja: kila jedwali lifuatwe na sauti ya mtu mmoja kutoka kwenye mahojiano, kwa maneno yake, bila jina. Mapendekezo yawe ya watu wanaoweza kuyafanya. "Serikali iboreshe miundombinu" hakuna atakayeifanya kwa sababu yako. "Bandika ukutani namba ya huduma kwa wateja na hatua tatu za kurejesha muamala" mtu anaweza kuifanya leo kabla ya adhuhuri.

Kisha matokeo yako yaandike ukurasa mmoja, herufi kubwa, uwarudishie waliokupa wakati wao. Nenda nao mwenyewe.

Nami niliurudisha wangu. Mzee wa taslimu alivaa miwani, akausoma mstari kwa mstari, akafika kwenye sababu za watu kuacha: makato, mtandao, matapeli, pesa kukwama.

"Hamna yangu humu," akasema.

"Ipi, mzee?"

Akanyosha kidole kwenye lipa namba ukutani. "Laini hii si yangu. Kaisajili mtoto wa ndugu yangu, kwa jina lake. Akiwa hapa, napokea. Akenda Unguja, kaenda nayo. Siku ulipokuja alikuwa Unguja."

Maswali arubaini, na hakuna lililouliza simu iko mfukoni mwa nani. Kwenye dodoso langu la sasa ndilo la kwanza, na katika maduka kumi ya majaribio, manne yalijibu jina la mtu ambaye hakuwepo dukani.